Nukta ya Mteja

Kitu cha kwanza kudondoka kwenye meza ya Mama Koili asubuhi ile kilikuwa kipande cha chuma. Kikadondoka na cha pili. Vilikuwa vidogo, vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vimepakwa rangi nyeusi, na vilikuwa vimegandishwa kwa gundi ndani ya hedfoni ambazo mwenyewe, mwanasheria wa jengo la ng'ambo, alizikabidhi jana yake kwa mikono miwili akisema ziguswe taratibu, si za kuchezea. Mama Koili alivishika kwa kibano, akavigeuza huku na huku, akatafuta waya unaoingia au unaotoka. Hakukuwa na waya. Vyuma vile havikuungwa na kitu chochote. Vilikuwa na kazi moja tu, kuongeza uzito.

"Watu hawaoni haya," alisema peke yake, akasonya.

Alikuwa amesikia kwamba wapo wenye kiwanda wanaofanya hivyo, lakini kusikia ni kitu kimoja na kukiona kwenye meza yako ni kitu kingine. Mtu akishika kitu kizito huamini amenunua kitu cha maana. Basi mwenye kiwanda akaona asihangaike na sauti, akamwekea mwanasheria wa watu vyuma. Na juu ya yote hedfoni zenyewe zilikuwa na alama ya unyoya wa fedha ubavuni, na mji mzima uliziita za Unyoya, vijana wakizivaa shingoni hata wasiposikiliza kitu. Unyoya wenye vyuma tumboni! Mama Koili alivionea kinyaa, kama aliyekuta unywele ndani ya mkate.

Lazima isemwe mapema kwamba hakuwa mama wa mtu anayeitwa Koili. Jina alipewa na wateja. Koili ni ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, na ukiungua spika inakuwa bubu. Mafundi wengi spika ikiwa bubu hukwambia ununue nyingine. Yeye huivua karatasi, huzungusha waya mpya kwa mkono juu ya kichupa cha dawa, mizunguko mia na zaidi, bila kuvuta pumzi, na jioni spika huwa inaongea. Alifundishwa na mjomba wake, akarithi meza yake, na meza hiyo ilikuwa na miaka ishirini na saba katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha pili alikipangisha kwa fundi cherehani, mwanamke mwenye midomo miepesi. Ukuta baina yao ulikuwa mwembamba, hivyo kila lililosemwa kwa Mama Koili lilifika kwa wateja wa fundi cherehani kabla nguo zao hazijakamilika.

Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Spika yenye mpasuko wa karatasi usioonekana kwa macho aliitambua akiwa upande wa pili wa barabara, na alishawahi kumsimamisha kinyozi katikati ya kumnyoa mtu ili amwambie spika yake ya kushoto inakufa. Watu walicheka, ila wiki ileile ilikufa.

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo nayo aliirithi kwa mjomba. Ndani ya redio nyingi kuna skrubu ndogo ambayo mwenye redio haijui. Ukiizungusha kidogo mbele, redio inatoa sauti kubwa zaidi ingawa kitufe cha nje hakijaguswa. Mama Koili akimaliza kutengeneza redio ya mtu, huizungusha skrubu ile kidogo tu, kisha huitia tone la rangi nyekundu ya kucha isije ikalegea. Redio ikirudi tena, huongeza tena, na tone jipya hukaa kando ya lile la zamani. Matone hayo mjomba aliyaita nukta ya mteja. "Mteja hajui koili wala sumaku," alimwambia. "Mpe sauti kubwa kidogo kuliko ile aliyokuja nayo, atakwambia imekuwa mpya." Na kweli, hakuna aliyewahi kusema vingine. Mama Koili hakuona kosa lolote hapo. Kwake ilikuwa nyongeza, kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu.

Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu mwaka wa tatu huo, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkewe akiwemo. Alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Viatu vyake vililala vikitazama mlango. Magazeti aliyakunja mara nne, si tatu. Na redio yake, redio kubwa ya kanda yenye mpini uliovunjika, kitufe chake cha sauti kilikaa kwenye namba tano tangu siku ilipoingia ndani ya nyumba. "Anayehitaji sita," alipenda kusema, "ni mtu asiyetega sikio." Wageni waliojaribu kukigusa kitufe kile walitazamwa kama wezi.

Miaka miwili iliyopita Mwalimu alianza kuilalamikia redio hiyo. Mtangazaji anatafuna maneno, alisema. Mama Koili akaibeba hadi mezani, akaifungua, hakuona ubaya wowote, akafuta vumbi, akaipa nukta yake, akairudisha. "Sasa imepona," akasema Mwalimu kwenye namba tano ileile, akafurahi. Baada ya miezi kadhaa ikaumwa tena, ikapona tena. Ikawa mara ya tatu. Ikawa ya nne. Mara zote Mama Koili aliifanya kazi ile kwa dakika kumi, akiwa na mengine kichwani, kama mtu anavyomfunga mtoto kamba ya kiatu.

Safari hii lalamiko lilikuwa jingine, nalo lilimuuma. Mwalimu alikuwa na kanda moja aliyoirekodi mwenyewe miaka ishirini nyuma, darasa la nne wakiimba jedwali la saba kwa wimbo alioutunga ili wasilisahau. Viti vinalia, mtu anakohoa, saba mara saba wanaikosea wote kwa pamoja. Mwishoni kabisa, kabla kanda haijakatwa, mtoto wa mstari wa mbele anacheka kicheko chembamba, cha kupanda juu. Mtoto huyo ni binti yao kitinda mimba, ambaye sasa ni mtu mzima anayefanya kazi mji wa mbali na kupiga simu Jumapili. Mwalimu aliisikiliza kanda hiyo takriban kila wiki, na wiki hii alizima redio, akamgeukia mkewe.

"Kicheko kimekufa kwenye hii redio yako."

Redio yako! Ikiimba vizuri ni yake, ikiharibika ni ya mkewe.

Yote hayo angeyavumilia, kama siyo Chiriku. Chiriku ni binti wa mdogo wake Mama Koili, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kuongea bila kupumua. Miaka sita alikaa mezani kwa mama yake mkubwa akijifunza kazi, hadi siku alipochoshwa na moshi wa risasi ya kuunganishia waya na kucha zilizochubuka, akaajiriwa katika duka la Unyoya, lile lenye kuta za vioo. Huko alivaa sare nyeusi na kuuza kwa mdomo wake. Ni yeye aliyeichukua kanda ya Mwalimu akaihamishia kwenye simu, akamwambia apite dukani siku moja aisikie "inavyotakiwa kusikika". Mwalimu akapita. Akarudi nyumbani saa ya chakula cha mchana na macho mekundu.

"Nimemsikia," alisema, hata viatu hajavua. "Mama Koili, nimemsikia mtoto anacheka. Kana kwamba yuko hapa."

"Kwa kitu gani?"

"Hedfoni za Unyoya. Nimeamua, nazinunua."

Akataja bei. Mama Koili akaweka kijiko chini. Ilikuwa bei ya friji mbili, nayo ingetafuna karibu chote kilichosalia katika kiinua mgongo, fedha waliyokubaliana kuezekea upya chumba cha nyuma ambacho mvua ilikuwa ikinyesha ndani kama nje.

"Yaani utavaa mabati ya chumba cha nyuma masikioni?"

"Kejeli hazisaidii."

"Hebu njoo nikuonyeshe kitu." Akamleta mezani, akamwekea vile vyuma viwili kiganjani. "Hivi ndivyo unavyonunua. Vimegandishwa humo ndani ili kichwa chako kione uzito. Havina waya, havina kazi, havina haya."

Mwalimu alivipimapima mkononi. "Labda vina kazi ambayo wewe huijui," alisema.

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hajawahi kumwambia hivyo. Alikuwa akijivunia sikio la mkewe mbele za watu. Walimu wenzake walipokuwa wakinunua redio alikuwa akiwaambia wangoje kwanza mke wake aisikie. Sasa alisimama pale, mtu mzima, akakiamini kipande cha chuma kilichopakwa rangi kuliko yeye. Na hakuishia hapo.

"Usikasirike, lakini wewe ni fundi wa karatasi na gundi. Dunia imekwenda mbele. Redio hii umeitengeneza mara nne, mara nne, na mtoto hacheki. Kule nimevaa mara moja tu, amecheka."

Mama Koili alirudi kwenye vyombo. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atalia, na fundi cherehani alikuwa amesimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Aliosha vyombo kwa kelele. Alipomaliza alikausha mikono, akasema watakwenda pamoja Jumamosi. Mwalimu atafungwa macho. Atasikiliza za Unyoya na atasikiliza zake yeye, zile nyeusi kuukuu alizozifunga kwa utepe utosini na kuzitumia kupimia kazi kwa miaka kumi na mmoja. Za Unyoya zikishinda, anunue, na yeye hatafungua kinywa chake tena juu ya jambo hilo. Zikishindwa, mabati yanabaki mabati.

"Hayo ndiyo maneno," Mwalimu alisema.

Duka lilimkirihi Mama Koili tangu mlangoni. Lilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya zulia jipya iliyochanganywa na marashi, na kila spika ilikaa peke yake juu ya meza yake, chini ya taa yake. Bei hazikuandikwa popote, unanong'onezwa. Bwana mmoja wa suti alikuwa akigonga spika kwa vifundo vya vidole, akitikisa kichwa kwa heshima. Mezani kwa Mama Koili kulikuwa na redio za watu, zikingoja koili, ambazo zingeimba vizuri kuliko lile sanduku alilogonga bwana yule, na thamani yao isingenunua hata taa iliyokuwa juu yake.

"Karibuni mama mkubwa, karibu baba mkubwa!" Chiriku alikuja mbio. "Leo mtafurahi. Hii sauti yetu ina joto, ina nafasi, ina hewa..."

"Hewa iko nje, ya bure. Lete kiti."

Mwalimu akaketi, akafungwa kitambaa machoni. Alionekana kama mtu anayesubiri kunyolewa. Chiriku alishika simu yenye ule wimbo wa jedwali la saba, akaunga kwanza hedfoni kuukuu za Mama Koili, akamvisha. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, viganja juu ya magoti. Akatikisa kichwa.

"Hacheki."

Chiriku akabadilisha, akamvisha za Unyoya. Midomo ya Mwalimu ilianza kuchezacheza pamoja na watoto, saba mara sita, saba mara saba, na mwishoni mkono wake ulipiga goti.

"Huyo! Huyo jamani, kacheka!"

"Umeona, mama mkubwa?" Chiriku alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko dhihaka.

Mama Koili akataka kuvaa mwenyewe. Akafumba macho. Kwenye hedfoni zake aliwasikia watoto wote, viti, kikohozi, na kile kicheko chembamba kikipanda juu mahali pake palepale. Kisha akavaa za Unyoya, na watoto wakasogea. Darasa lote lilimjia karibu, na kicheko kikawa kama cha mtoto aliyekaa mapajani. Moyo ukamshuka. Ni nzuri zaidi, alijiambia, ni nzuri zaidi kwa mbali, na mimi miaka ishirini na saba nimekuwa nikizungusha waya juu ya kichupa cha dawa. Alijichukia kwa kuwahi kujiona mjuzi. Alifumbua macho ili avue na aombe radhi.

Ndipo alipokiona kidole gumba cha Chiriku kikitoka taratibu ubavuni mwa simu, kwenye kitufe cha sauti, na kidole chake kidogo kikiwa kimeinuliwa juu. Kidole kidogo kile alikijua. Ndivyo yeye Mama Koili alivyokiinua chake kila aliposhika bisibisi nyembamba, kisiguse kitu.

"Chiriku. Tunarudia. Simu nishike mimi."

"Mama mkubwa, hii simu ni ya duka, hairuhusiwi..."

"Nimesema nishike mimi."

Aliishika. Akaziweka sauti sawa, jambo ambalo kwake ni kazi ya kupepesa jicho, akasikiliza zote mbili tena, na tena. Na haki itendeke hata kwa adui: za Unyoya zilikuwa nzuri. Sauti nene ilitulia zaidi, na sponji za masikioni zilikuwa laini. Ubora ule ulistahili bei ya jozi moja ya viatu juu ya hedfoni za kawaida, tuseme jozi mbili ukiwa na roho safi. Friji mbili haukuzistahili, labda koili zake zingekuwa za dhahabu. Watoto walikuwa wamerudi mahali pao. Kilichowasogeza karibu kilikuwa kidole gumba cha Chiriku.

Hasira ikampanda hadi kwenye nywele.

"Huna hata aibu?" Sauti yake ilimgeuza yule bwana wa suti. "Baba yako mkubwa! Aliyekulea kwenye nyumba yake, ukala kwenye sahani yake, leo unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Unampandishia sauti kisirisiri, unamwambia joto, unamwambia hewa! Yaani nikikuangalia nasikia kutapika."

Chiriku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza. Machozi yakamlengalenga. Kisha akainama kwa mama yake mkubwa na kusema taratibu, karibu na sikio, "Nani alinifundisha? Ongeza kidogo, mteja atasema imekuwa mpya. Miaka sita nilikushikia tochi, wewe unapaka rangi ya kucha."

Mama Koili alishika waya wa hedfoni zake, akaanza kuunyoosha.

"Kasema nini?" Mwalimu aliuliza, kitambaa bado machoni. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwao. "Chiriku kasema nini?"

"Hamna kitu."

Ili asimtazame mtu, akaendelea na kazi. Akamvisha Mwalimu za Unyoya, sauti ikiwa palepale alipoisawazisha. Mwalimu akasubiri hadi mwisho, akasema hacheki. Akamvisha kuukuu, sauti ileile, hacheki. Akapandisha sauti kwa kidole chake mwenyewe, nyingi kuliko alivyotarajia, akampa kuukuu tena.

"Huyo! Na hapa anacheka! Mama Koili, anacheka kwenye zako!" Mwalimu alivua kitambaa na hedfoni, akauangalia utepe wake mweusi mkononi, akacheka kama mvulana. "Basi umeshinda, fundi. Nilikuwa mjinga. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nikafurahi."

Bwana wa suti aliaga bila kununua. Chiriku alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Mama Koili alikuwa ameshinda, na mabati yalikuwa yamebaki mabati, na alitoka kwenye baridi ile akiwa na ladha chungu mdomoni ambayo hakuielewa. Njia nzima Mwalimu ndiye aliyeongea. Alisema hawatanunua kitu. Alisema alikosea kutilia shaka sikio la mke wake na kwamba atamwambia kila mtu. "Wewe nifanyie tu kwenye redio yangu kama ulivyofanya pale dukani," alisema. "Namba tano, mtoto acheke. Basi. Sitaki kingine."

Mchana uleule aliiweka redio mezani, akaligeuza tumbo lake juu, akafungua skrubu za nyuma. Mwalimu alikuwa amekaa kizingitini, amempa mgongo, akipiga viatu dawa. Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa ikienda. Mama Koili alichukua kichupa cha rangi ya kucha, akakitikisa, akainua bisibisi, kidole kidogo juu. Skrubu haikuzunguka. Alijaribu tena, akafikiri imeshika kutu, akaimulika. Haikuwa na kutu. Ilikuwa imefika mwisho. Kando yake kulikuwa na matone manne mekundu, yamepangana vizuri, kazi safi ya mkono wake mwenyewe.

Aliyatazama matone yale kwa muda. Redio hii, kwenye namba tano, sasa ilikuwa ikipiga kelele. Alipoiwasha kidogo kuthibitisha, mtangazaji alibwata chumba kizima, naye Mwalimu pale kizingitini hakugeuza hata shingo.

Tone la kwanza lilikuwa la mtangazaji anayetafuna maneno. La pili alilitia msimu ambao Mwalimu aliacha kuitikia hodi, wakamcheka kwamba amezeeka na maringo. Alipolitia la tatu hakukumbuka hata kilichosemwa. La nne lilikuwa la mwezi ule Mwalimu alipoanza kumpa yeye simu kila Jumapili, akisema mtandao mbaya, sauti ya mtoto haifiki. Yeye akapokea simu, akaongea na binti yao vizuri kabisa, kila neno likifika. Akaikata, akaendelea na koili zake.

Mpasuko wa karatasi wa spika ya kinyozi aliusikia kutoka ng'ambo ya barabara. Masikio ya mtu anayelala naye kitanda kimoja yalikuwa yakizimika kidogo kidogo kwa miaka miwili, na kila yalipomletea habari, yeye aliyaziba mdomo kwa rangi ya kucha. Kama asingeipandisha ile redio, Mwalimu angegundua. Angeuliza. Wangekwenda hospitali mwaka ule wa kwanza, na labda palikuwa na la kufanyika wakati ule. Labda hapakuwa nalo. Hatajua tena, kwa sababu alikuwa akimfurahisha mteja.

Harufu ya rangi ile ilimpanda puani, akakifunga kichupa kwa nguvu na kukisukuma mbali. Vile vyuma viwili vya mwanasheria vilikuwa bado juu ya meza. Asubuhi ile vilipodondoka alikuwa amevionea kinyaa cha ajabu. Sasa kinyaa chote kilikuwa juu yake mwenyewe, kingi kuliko kile, na hakukuwa na kiwanda wala duka la vioo la kukitupia. Alitazama vidole vyake, rangi nyekundu iliyoganda chini ya kucha, akavisugua kwenye kanga, havikutakata.

"Umeshaitengeneza?" Mwalimu aliuliza bila kugeuka.

Mama Koili alishika ukingo wa meza. "Redio haikuwahi kuumwa," alisema. "Ni masikio yako, Mwalimu. Yanaondoka. Na mimi nimekufichia, miaka miwili, nilikuwa naipandisha kwa ndani. Nisamehe."

Alisubiri. Brashi iliendelea kwenda juu ya kiatu, mbele na nyuma. Alidhani amekasirika, na akaona ni haki yake akasirike. Kisha akamsikia akiimba kwa pumzi, taratibu, saba mara sita, saba mara saba, akikosea pale walipokosea watoto.

Hakuwa amesikia neno.

Kwa kitambo kidogo Mama Koili alishawishika. Si ameshasema? Maneno yametoka, Mungu ameyasikia. Angeweza kufunga skrubu za nyuma, akamwambia kesho, akamwambia Jumapili. Akainuka. Akaizunguka meza, akapita mlangoni, akachuchumaa mbele ya mumewe pale kizingitini, uso kwa uso, akamtoa brashi mkononi. Mwalimu alimtazama akitabasamu, akisubiri kuambiwa kwamba mtoto anacheka.

Akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, moja moja, na nyuma ya ukuta cherehani ikasimama.